Maegesho ya Biashara Wakati wa Mvua: Yanayotukuta Sonatubes

Kwa desturi, dereva anapozima injini huhesabu kuwa safari imekwisha salama. Abiria hushuka, mzigo hufunguliwa, funguo hutiwa mfukoni, na ile tahadhari iliyokuwapo barabarani huachwa kitini. Kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyozinduliwa na Polisi ya Taifa ya Rwanda mwaka 2019, imetuzoeza sote kuzungumzia mwendo kasi, pombe, vivuko vya waenda kwa miguu na simu mkononi. Maegesho ya maduka, maghala na vituo vya mafuta hayatajwi sana, ingawa ndiko watu, magari na fedha hukutana mahali pamoja, na wakati wa mvua hukutana kwa haraka na bila kuonana vizuri.

Tumeichukua Sonatubes kuwa mfano kwa sababu wasomaji wengi wa jarida hili huipitia. Jina hilo, lililotokana na kiwanda cha mabomba, siku hizi ni jina la makutano ya barabara katika Wilaya ya Kicukiro. Njia itokayo bondeni Rwandex hupanda hadi hapo na kugawanyika: moja huelekea Giporoso, Remera na uwanja wa ndege wa Kanombe, nyingine hushika Kicukiro Centre, Nyanza na Gahanga hadi Bugesera na mpaka wa Nemba. Mfanyabiashara aliyetoka Rusumo, takriban kilomita 160, au yule wa Kagitumba, Gatuna, Rubavu na Rusizi, hufika Kigali akiwa amechoka, ana orodha ya bidhaa mkononi, ana fedha, na anataka kurudi kwake siku hiyohiyo. Mtu wa namna hiyo huegesha gari popote palipo wazi. Mvua ikinyesha, huegesha hata pasipo wazi.

Kwetu misimu ya mvua ni miwili: ile ya Machi hadi Mei, iitwayo Itumba kwa Kinyarwanda, na ile ya Septemba hadi Desemba, Umuhindo, jirani zetu wa Tanzania wangesema masika na vuli. Hatuna theluji. Ndugu zetu walioko Kanada au Uswidi wanatusimulia kuwa huko mwenye duka hulazimika kumwaga chumvi katika maegesho yake kila asubuhi ya baridi ili barafu iyeyuke, kwani maji yenye chumvi huganda kwa baridi kali zaidi kuliko maji matupu. Kigali, iliyo katika mwinuko wa takriban mita 1,500, haihitaji chumvi hiyo. Utelezi wetu ni wa aina nyingine, na kwa maoni yangu unadanganya zaidi, kwa sababu barafu huonekana na kuogopwa, ilhali tope jembamba juu ya zege halimtishi mtu yeyote.

Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo mbaya kuliko zote. Kwa wiki nyingi matone ya oili na dizeli yamekuwa yakidondoka kwenye maegesho, yakachanganyika na vumbi jekundu na kukauka. Manyunyu ya dakika kumi za mwanzo hayana nguvu ya kuosha uchafu huo. Huulainisha tu na kuufanya utando. Hapo ndipo mama aliyebeba mfuko wa sukari kichwani huteleza, na ndipo gurudumu la gari lililopakiwa vizuri hukataa kushika. Mvua ikishanyesha sana utelezi hupungua, lakini mistari iliyopakwa rangi, vifuniko vya chuma vya mitaro na vigae vya mlangoni hubaki vitelezi siku nzima. Baadhi ya maduka hutandaza maboksi mlangoni ili wateja wafute miguu. Nia ni njema, lakini boksi likilowa juu ya kigae huteleza pamoja na mtu aliyelikanyaga. Zulia la mpira lenye meno, au hata magunia yaliyokunjwa na kubadilishwa kila yakilowa, ni salama zaidi.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Chukua maegesho ya kadiri, yenye mita za mraba 1,000, na mvua ya milimita 20 iliyonyesha kwa nusu saa, jambo la kawaida mwezi wa Aprili. Hizo ni lita 20,000, yaani madumu 1,000 ya lita 20, ambayo ni sawa na madumu 33 kila dakika, yote yakitafuta njia ya kutoka. Kama mtaro umezibwa na mchanga, chupa na majani, maji hayo hayangoji. Hupita kati ya magari, hufunika mashimo, hushuka kwa jirani aliye chini, na Kigali kila mtu ana jirani aliye chini. Yanayotupwa katika maegesho yaliyoko juu hufika bondeni Rwandex na Gikondo, katika ardhi oevu ambayo viwanda vimekuwa vikihamishwa kuipisha.

Kwa sababu hiyo mtaro wa maegesho si wa kusafishwa mvua ikishaanza. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni nafasi nzuri kwa mitaro ya mtaa, lakini mwenye jengo la biashara asiusubiri kwa mitaro yake mwenyewe. Vifuniko vya chuma vikaguliwe pia, kwani huvutia wezi wanaoviuza kama chuma chakavu, na shimo lisilo na kifuniko likijaa maji hufanana kabisa na dimbwi la kawaida. Mtoto hulirukia kwa kucheza. Palipo na shimo la namna hiyo, kizuizi cha muda kiwekwe mara moja, iwe pipa, ngazi au meza iliyolazwa, na mlinzi asisogee mbali.

Kwa dereva, kanuni ni fupi: usiegeshe katika njia ya maji. Maji yanayotiririka kwa kina cha sentimita 30 hivi yanaweza kuinua gari dogo na kulisogeza, na maji ya chini ya hapo, yakiwa na kasi, humwangusha mtu mzima. Maegesho ya chini ya ardhi yana hatari ya ziada. Maji hushuka humo kupitia njia ileile ya magari, umeme hukatika, jenereta huwashwa, na moshi wake usipokuwa na pa kutokea hujaza hewa ya sumu isiyo na harufu. Ukisikia maji yakiingia, panda juu kwa ngazi. Gari liache. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakishuka kufuata gari wakati wafanyakazi wa jengo wakipanda.

Mteremko ni jambo ambalo wageni wa nchi tambarare hulisahau. Dereva wa Bugesera au wa upande wa pili wa Rusumo amezoea kuvuta breki ya mkono na kuondoka. Kwenye vilima vya Kicukiro breki hiyo peke yake haitoshi, hasa ikiwa gari limebeba saruji au nondo na ardhi imelowa. Acha gari katika gia: ya kwanza ukielekea juu, ya nyuma ukielekea chini. Geuza magurudumu ya mbele ili gari likianza kusogea liende kugonga ukingo na si watu. Kisha weka kabari ya mbao chini ya gurudumu la nyuma. Wengi hutumia jiwe, na si vibaya, lakini wanapoondoka huliacha palepale, na jiwe hilo usiku wa mvua humngoja mwendesha pikipiki. Kabari ya mbao yenye kamba hurudi garini pamoja na mwenyewe.

Ajali nyingi za maegesho hutokea gari likirudi nyuma. Hapa kuna jambo linalowahusu sana watu wa mipakani. Rwanda, Burundi na Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Tanzania, Uganda na Kenya wanaendesha kushoto. Gari kutoka Tanzania likivuka daraja la Rusumo hubadili upande, lakini usukani wake hubaki kulia. Barabarani dereva hujikumbusha. Katika maegesho, ambako hakuna mistari ya kumwongoza, mazoea humrudia: anatazama upande ambao hatari haitoki, na upande wa kushoto wa gari lake, walipo watu wanaoshuka na kupakia, hauoni sawasawa. Ongeza vioo vilivyofunikwa na mvuke, kioo cha nyuma kilichojaa tope, na kelele za mvua juu ya mabati zinazomeza mlio wa tahadhari wa gari linalorudi nyuma.

Mlinzi mmoja wa eneo la biashara karibu na makutano ya Sonatubes aliumia kwa namna hiyo hasa. Alisimama nyuma ya gari dogo la mizigo lenye usukani wa kulia, mwavuli mkononi, akimwongoza dereva kwa ishara. Dereva alimwona mwanzoni. Mlinzi akahamia upande wa kushoto kukwepa maji yaliyokuwa yakimwagika kutoka paani, na kutoka hapo hakuonekana tena. Sauti yake haikusikika. Mguu wake ulibanwa kati ya gari na nguzo. Nilipozungumza naye hospitalini hakumlaumu dereva. Aliniuliza kama atarudishwa kazini akipona, maana analipwa kwa siku alizofanya, na ana watoto watatu shuleni. Swali hilo sikuweza kulijibu mimi, na nalileta hapa kwa wenye majengo, kwa sababu wao wanaweza.

Kutokana na ajali za aina hii, tunawaelekeza walinzi na madereva wakubaliane jambo moja kabla gari halijasogea: dereva asipomwona mwongozaji, anasimama. Hasubiri kusikia kelele. Mwongozaji asimame upande wa dereva daima, yaani kulia kwa gari la Tanzania au Uganda, kushoto kwa gari la Rwanda au Kongo, naye asitembee kinyumenyume wala asipite kati ya gari na ukuta. Awe na koti lenye mistari inayoakisi mwanga. Mwavuli mweusi unamfaa mtu aendaye msibani. Mlinzi wa maegesho anahitaji koti la mvua, ili mikono yake miwili iwe huru na uso wake uonekane.

Kuhusu mwendo, mwenye eneo anaweza kuweka kibao cha kilomita 10 kwa saa, nao ni mwendo wa kufaa. Hata hivyo hesabu yake inafaa kujulikana. Kwa mwendo huo gari husogea karibu mita 3 kila sekunde. Dereva anayetazama ujumbe wa simu kwa sekunde mbili amekwenda zaidi ya mita 5 bila kuona, na hiyo ni zaidi ya urefu wa gari dogo. Juu ya tope, breki humpa umbali mwingine usio mdogo.

Saa nayo ina neno lake. Kigali jua huchwa karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na mvua nyingi hushuka alasiri, hivyo giza na mvua na msongamano wa wanaotoka kazini hufika pamoja. Mgeni kutoka Tanzania au Uganda, ambako saa ziko mbele kwa saa moja, hudhani bado ana nafasi kwa kuwa kwao giza huingia saa moja. Anachelewa kupakia, kisha anapakia gizani. Ukiahidiana na mtu kupakia mzigo, taja ni saa ya nchi gani.

Mvua kubwa ikianza, waendesha pikipiki na abiria wao hukimbilia chini ya paa la kituo cha mafuta. Tunaelewa, paa ni paa. Lakini watu 30 waliosongamana kati ya pampu, baadhi wakiwa na injini zinazonguruma, wengine wakiwasha sigara, huku gari la mafuta likitafuta njia ya kuingia, ni jambo linalohitaji msimamizi. Wenye vituo wametakiwa watenge upande mmoja wa kujikinga, mbali na pampu, na wahudumu wawe na ujasiri wa kuwaambia watu wazime injini.

Kujikinga chini ya mti ulio peke yake au kuegemea nguzo ya taa wakati wa radi ni hatari zaidi. Watu wa Nyaruguru, karibu na mpaka wa Burundi, hawahitaji kukumbushwa: mwezi Machi 2018 radi moja iliua waumini wasiopungua 15 waliokuwa kanisani. Bonde la Ziwa Kivu na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Gari lenye bodi ya chuma, vioo vikiwa vimefungwa, ni kinga nzuri, kwani umeme hupita juu ya chuma na kushuka ardhini. Kinachosaidia hapo ni chuma kinachokuzunguka, si mpira wa magurudumu kama wengi wanavyoamini. Pikipiki ina magurudumu ya mpira na haikukingi hata kidogo.

Kuna pia kuta. Majengo mengi ya Kigali yamekatwa ubavuni mwa kilima, na nyuma ya maegesho huwa na ukuta unaozuia udongo. Udongo ulionyweshwa siku kadhaa huwa mzito na husukuma. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, Rubavu, Ngororero, Rutsiro na Karongi, na wengi waliangukiwa na nyumba na udongo wakiwa wamelala. Ukuta wa maegesho wenye ufa mpya, uliotuna tumbo, au ambao matundu yake ya kutolea maji yamekauka ilhali mvua inanyesha, usiegeshe chini yake na usikae garini ukingoja mvua iishe. Matundu makavu wakati wa mvua ni dalili kwamba maji yamenaswa nyuma ya ukuta. Mjulishe mlinzi, naye amjulishe mwenye jengo na uongozi wa mtaa siku hiyohiyo.

Sijagusa wizi hadi sasa, ingawa najua ndio ambao wasomaji wengi waliutarajia kwanza. Mwizi wa maegesho anapenda mvua kwa sababu tatu anazozijua vizuri kuliko sisi: watu huinamisha vichwa, kelele humfunika, na walinzi hukimbilia kibandani. Vioo vya pembeni, taa, betri na mafuta ya lori huondoka kwa dakika chache. Turubai la mzigo huchanwa upande usioonekana kutoka mlangoni. Mfanyabiashara anayerudi mpakani husahau mfuko kwenye kiti cha mbele huku akikimbia kuepa matone. Bonyeza kitufe cha kufunga gari, kisha ujaribu mlango kwa mkono; mlio peke yake si ushahidi kuwa mlango umefungwa. Fedha za mzigo zigawanywe, au zilipwe kwa simu. Lori lipakiwe likiwa limeelekeza milango yake ukutani au kwenye taa. Na msaidizi asiyejulikana anayejitokeza ghafla na mwavuli kukusaidia kubeba, mshukuru na uendelee na njia yako.

Kibao kisemacho kwamba gari linaegeshwa kwa dhamana ya mwenyewe hukutwa karibu kila mahali. Mabishano ya madai nawaachia mawakili. Kwa upande wa usalama, kibao hicho hakiwashi taa, hakifungui mtaro wala hakimnunulii mlinzi koti. Mwenye eneo anayechukua fedha ya mteja dukani ana wajibu wa kumrudisha mteja huyo garini akiwa mzima. Taa zikaguliwe mwezi Februari na mwezi Agosti, kabla ya misimu. Kamera zifutwe vioo vyake, maana kamera iliyojaa utando wa buibui na ukungu hurekodi ukungu.

Ajali ikitokea katika maegesho, watu wengi humalizana wenyewe kwa noti chache na kuondoka. Kwa mkwaruzo mdogo wanaweza kukubaliana. Akiwepo majeruhi hata mmoja, magari yasisogezwe isipokuwa kumwokoa mtu, na Polisi iitwe. Gari la nchi jirani liwe na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima ya mtu wa tatu inayotambuliwa ukivuka mpaka. Tanzania, ingawa si mwanachama wa COMESA, inashiriki mpango huo. Kadi ikae garini, si nyumbani kwa mwenye gari, na tarehe yake itazamwe kabla ya kuondoka Rusumo au Kagitumba.

Namba za kupiga ni 112 kwa dharura yoyote, 113 kwa ajali ya barabarani, 111 kwa zimamoto na uokoaji, na 912 kwa gari la wagonjwa. Anza kwa kutaja mahali: si "Sonatubes" peke yake, bali upande wa Rwandex, wa Kicukiro Centre au wa Giporoso, na jina la jengo au kituo cha mafuta kilicho karibu. Kiswahili kinaeleweka, usihangaike kutafuta maneno ya lugha nyingine. Ikiwa laini yako ya nje haipati mtandao, mlinzi wa eneo ana simu, na kupiga namba hizo ni sehemu ya kazi yake.